Miaka Kumi na Tisa Bila Kupoteza Kitabu Hata Kimoja

Nilifungua kitabu namba 114 mbele ya watu watatu, na ndani hakukuwa na kitabu.

Kulikuwa na katoni. Katoni ya sabuni, imekatwa kwa kisu, vipande vinne vimeshonwa pamoja kwa uzi mweusi. Unene uleule, upana uleule. Juu yake karatasi niliyoikunja kwa mikono yangu, na namba niliyoiandika kwa wino wangu.

Watu hao watatu walikuwa préfet, yaani mkuu wa shule yetu, mwanamke mmoja aliyetoka Bukavu kuja kunikagua, na mwanamke mwingine ambaye nilikuwa nimeapa kumwangusha.

Sasa nisimulie tangu mwanzo. Naomba usinihurumie, maana huruma yenyewe sikuwahi kumpa mtu.

Naitwa Marcellin. Ni mtunza maktaba wa shule moja ya sekondari hapa Kasongo. Jina la shule naliacha, lina aibu ya kutosha.

Mimi ni mkali. Wanafunzi wananiita Kadena, yaani kufuli. Wanadhani sijui. Najua, na miaka yote nilikuwa nalipenda hilo jina.

Ukali wangu una chanzo. Mwaka nilipokabidhiwa maktaba nilinunua karanga sokoni, mama muuzaji akanifungia kwenye karatasi. Kufungua nyumbani, nakuta ramani ya mito ya Kongo, na pembeni mhuri wa shule yetu. Mtunzaji aliyenitangulia alikuwa anawauzia akina mama vitabu kwa kilo.

Sikuzila zile karanga. Nilikaa nazo mezani nimekasirika mpaka mke wangu akaziondoa. Kesho yake nikatunga sheria moja tu: kitabu hakitoki.

Nikaenda kwa mafundi waashi nikaomba mifuko mitupu ya saruji. Nikaipangusa, nikaikata, nikavivika vitabu vyote, kimoja baada ya kingine, kama wazazi wanavyofunika madaftari ya watoto. Namba nikaandika mgongoni kwa wino mweusi. Orodha ya namba na majina nikaibandika mlangoni.

Mwanafunzi anaingia, anataja namba, anakaa kwenye meza ndefu, anasoma. Mimi niko mlangoni na kiti changu. Akimaliza ananirudishia. Natazama namba, napima uzito kwa kiganja, narudisha kwenye rafu.

Kufungua sikufungua. Kitabu kikifunguliwa kila saa hukatika mgongo, na mimi sikuwa tayari kukikata mwenyewe.

Hata mke wangu, Clémentine, hakupita. Mwaka wa pili wa kazi hiyo aliniomba kwa upole.

"Baba Yves, uniletee hata moja ya hadisi. Nisome nikichunga muhogo ikauke."

"Kitabu haitokaki."

"Hata kwa bibi yako?"

"Zaidi sana kwa bibi yangu. Watu watasema nini?"

Hakuuliza tena. Nami nikajiona mtu wa haki.

Sasa Chama.

Jina lake halisi ni refu, la Kifaransa na Kiingereza, nami nitasema Chama tu. Ni chama cha kimataifa cha watunza maktaba za shule, wana wanachama kila upande wa dunia. Miaka minane iliyopita padri mmoja aliandika jina langu kwao, nikapokelewa.

Ada yangu inalipwa na mtunza maktaba mwenzangu, mama mmoja wa Ureno ambaye hajawahi kuniona. Ndivyo wanavyofanya: mwenye uwezo anambeba asiye nao. Wakanipa kadi ya uanachama. Wakanitumia mwongozo. Wakaniingiza kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, ambako kila Alhamisi linakuja somo kwa sauti.

Niseme ukweli, yale masomo yalikuwa yananipandisha hasira.

"Mwachie mtoto aende na kitabu nyumbani." Nyumbani wapi? Paa linavuja, mbuzi wanaingia ndani, mdogo wake anataka karatasi ya kuwashia moto.

"Usiogope kitabu kuchakaa." Rahisi kusema ukiwa unaletewa kipya kila mwezi. Mimi nilikuwa nasikiliza nikiwa nimeshika simu mbali na sikio, nabishana nayo peke yangu.

Lakini vitabu walivyoleta nilivipokea. Mara tatu walituma, vya Kiswahili na vya Kifaransa. Nikavika vyote saruji. Vikafika 412.

Kila Juni nahesabu migongo yote rafuni, na kila mwaka wanatuma fomu. Vitabu vilivyopotea? Naandika: sifuri. Vilivyochanika? Sifuri. Vilivyoazimwa? Sifuri. Mwaka wa kwanza walinipongeza kidogo. Miaka iliyofuata walinyamaza, nami nikadhani ni wivu.

Mwaka jana, Novemba, likaja tangazo. Chama kinatafuta mtunza maktaba mmoja wa kusini mwa mkoa wetu wa Maniema. Atasoma majuma matatu Bukavu kwa gharama zao, atarudi kuwa mkufunzi wa wenzake wote, Kasongo, Kabambare mpaka Nyangwe. Na shule yake itapata sanduku la vitabu mia tatu vipya.

Ndugu zangu, nililitaka lile sanduku. Nilitaka zaidi kuitwa mkufunzi. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kile kiti cha mlangoni, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia asante.

Wagombea tulikuwa wawili. Mimi, na Anastasie wa Kabambare.

Anastasie namjua. Alisoma hapahapa shuleni kwetu, alikuwa anakaa kwa shangazi yake. Msichana mwembamba, mkimya, anasoma akiwa ameegemea meza kwa tumbo. Akamaliza, akarudi kwao, akawa mwalimu, halafu akafungua maktaba kwenye chumba kimoja cha shule. Chama kilimsaidia naye.

Nikaitafuta fomu yake, maana fomu zinabandikwa kwenye kundi. Vitabu alivyonavyo, 260. Vilivyopotea, 96.

Tisini na sita.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona majibu ya wakubwa wa Chama chini yake: "Pole, Anastasie. Kazi nzuri."

Kazi nzuri. Mimi nisiyepoteza hata ukurasa, kimya. Huyu aliyetapanya theluthi ya maktaba, kazi nzuri.

Nikaandika. Kwa Kifaransa safi, kwenye kundi lote, watu mia mbili wasome. Kwamba mwenzetu wa Kabambare amepoteza vitabu 96 na hajaeleza. Kwamba kwetu tunajua vitabu vinavyopotea huishia wapi, vinafunga karanga. Kwamba mimi, Marcellin, nadai maktaba zote mbili zikaguliwe, kitabu kwa kitabu, kila kimoja kifunguliwe, na kila mmoja wetu awepo kwenye ukaguzi wa mwenzake.

Kila kimoja kifunguliwe. Maneno hayo ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Anastasie alijibu mstari mmoja: "Ni kweli, tisini na sita. Karibuni."

Ile "karibuni" ndiyo iliniudhi kuliko tusi.

Chama kikakubali. Wakamtuma Mama Laura kutoka Bukavu, mtunza maktaba wa shule kama sisi, mwakilishi wao wa upande huu. Alifika Kasongo mwanzoni mwa Januari, shule zikiwa bado likizo ya Noeli. Mama mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, mabuti ya mvua. Nilimkaribisha kwa heshima zote, nikamwambia tuanze na Kabambare.

Nilitaka mwizi aonekane kwanza.

Barabara ya Kabambare wakati wa mvua sitaieleza. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, tukashuka kusukuma mara nyingi kuliko tulivyopanda. Mama Laura hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba ya wote.

Maktaba ya Anastasie niliiona, nikafurahi sana.

Vitabu havina jalada la saruji wala la nini. Vimevimba kwa unyevu. Kimoja kina doa la mawese kurasa nzima, kingine kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Watoto wameingia miguu mitupu, wamekaa chini, wanavigeuzageuza wanavyotaka. Mlango hauna hata komeo.

"Mama Laura, unaona," nikasema. "Hii ni soko."

Anastasie alikuwa amesimama na daftari kubwa kifuani. Amekuwa mama wa watu sasa, kitenge kimefungwa vizuri, lakini kwangu alikuwa bado yule wa meza ndefu.

"Jambo, Mwalimu," akanisalimia, akainama kidogo.

"Jambo ya nini. Vitabu iko wapi?"

Akafungua daftari. Kila kitabu kilichotoka kilikuwa na mstari wake: jina la mtoto, kijiji, siku. Akaanza kusoma vilivyopotea, kimoja kimoja, bila haraka.

"Hivi ishirini na mbili ilienda Lusangi, kwa watoto wa wachimba dhahabu. Wazazi walihama chimbo, watoto wakahama nao. Hivi vitano ilikula mchwa, kosa ni yangu. Hivi vingine vyote ni ya siku tulikimbia."

"Mulikimbia nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua. Kila mtu anajua watu wa Kabambare hukimbia nini.

"Wenye silaha walikuja upande wa mto Luama. Kila mutu alibeba kitu yake. Mwenye sufuria, sufuria. Mwenye kuku, kuku. Watoto wangu walibeba vitabu. Tulikaa mu pori majuma saba, Mwalimu, na kule tulifundisha. Wengine hawajarudi mpaka leo. Niende niwatafute niwaambie leteni kitabu?"

Watoto wale waliokaa chini walikuwa wametulia wananitazama. Nikawageuzia mgongo, nikajifanya nahesabu vitabu.

Mama Laura alifungua vitabu vyote vilivyobaki, kimoja baada ya kingine. Mia moja sitini na vinne. Vyote vilikuwepo kama daftari lilivyosema.

Tukiwa tunajiandaa kurudi, Anastasie akanivuta pembeni, nyuma ya darasa.

"Mwalimu, nakuomba kitu. Kule Kasongo, tuhesabu tu migongo. Tusifungue."

Nikamtazama. Nilijua nimempata.

"Unaogopa nini? Vitabu si yako."

"Siogopi juu yangu."

"We mutoto, mwenye kuogopa ni mwenye kuiba. Tutafungua yote, hata kama ni siku tatu."

Akashusha pumzi. "Sawa, Mwalimu," akasema, akaenda kuchukua mfuko wake, maana zamu yake ya kushuhudia ilikuwa imefika.

Njia nzima nilikuwa napanga hotuba ya ukufunzi.

Kasongo tulifika Alhamisi. Ijumaa asubuhi préfet akaja na shati lake la sherehe. Nikafungua kufuli zote mbili za maktaba, nikasukuma dirisha, mwanga ukaingia. Rafu zangu zilikuwa zimesimama wima, rangi moja ya udongo kutoka ukuta hadi ukuta, namba zimenyooka. Préfet akatabasamu.

"Tuanze namba gani?" Mama Laura akauliza.

"Yoyote," nikasema kwa kiburi. "Chagua hata ukifumba macho."

Akanyoosha kidole. Mia moja kumi na nne.

Sehemu hiyo unaijua.

Niliigeuza ile katoni mara mbili. Nikafikiri labda kitabu kimebadilika ndani ya karatasi, maana mtu akishtuka huwaza upuuzi. Préfet alikuwa ameacha kutabasamu.

"Ni nini hii, Marcellin?"

Nikavuta 115. Kitabu. Nikapumua. Nikavuta 116. Katoni. 117, katoni. 118, majarida ya zamani ya parokia yamefungwa kwa mpira. 119, katoni.

Nilikuwa navua karatasi na kutupa chini, navua na kutupa. Mpaka adhuhuri tulikuwa tumevua zote 412. Vitabu halisi, 173. Vilivyobaki, 239, vilikuwa sabuni, maziwa ya unga na habari za parokia.

"Wezi," nikasema. "Wezi, wezi. Nitawataja wote polisi."

Préfet akasema kwa sauti ya chini kwamba atakayetajwa polisi ni mimi, maana ufunguo ni wangu na sahihi kwenye fomu ni yangu. Akasema Jumatatu nikabidhi funguo.

Nikakaa kwenye kiti changu cha mlangoni. Mtu asikudanganye, aibu huwa ina ladha mdomoni, ya chuma.

Mama Laura alikuwa ameinama chini, anaokota katoni, anazigeuza upande wa pili, anazipanga mezani.

"Papa Marcellin, njoo uone," akasema.

Upande wa ndani wa kila katoni kulikuwa na maandishi. Mistari, majina, tarehe. Ile ya 114 ilikuwa hivi: *Dady, mwaka wa nne, Nyangwe, amekichukua 10 Novemba. Amekirudisha 2 Desemba. Marie, wa tano, anakwenda nacho Lusangi, 20 Desemba. Anayefuata ni Placide, asubiri.*

Nyingine zilikuwa na mistari sitini. Kalamu tofauti, mikono tofauti, mwaka baada ya mwaka.

"Hii ni kadi ya kuazima," Mama Laura akasema. "Ni ile ile tunafundisha kila Alhamisi. Nzuri kuliko ya kwangu."

Nikaelewa polepole, nikitamani nisielewe. Mwanafunzi anaingia na katoni chini ya shati. Anakaa meza ndefu. Anakitoa kitabu kwenye karatasi yangu, anaingiza katoni, ananiletea. Mimi napima uzito kwa kiganja, naridhika. Kurudisha, vilevile. Ndani ya maktaba yangu isiyoazimisha kulikuwa na maktaba nyingine, inayoazimisha, na mlinzi wake ni mimi.

"Nani alianzisha?" nikauliza.

Nikainuka, nikatafuta katoni ya namba 1. Namba 1 ni kamusi. Katoni yake ilikuwa ya zamani kuliko zote, imekuwa laini. Mstari wa kwanza kabisa: *Anastasie, wa tano.*

Chini yake, kwa mwandiko uleule wa msichana: *Usichukue kama huwezi kurudisha. Andika jina lako. Kabla ya hesabu ya Juni vyote viwe vimerudi. Kadena asipoteze hata kimoja.*

Nikamgeukia. Alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma.

"Nilikuambia tusifungue, Mwalimu."

"Ulinifanya mupumbavu miaka yote hii."

"Ndiyo."

"Na hii ya mwisho, Kadena asipoteze. Mulinihurumia?"

Akanitazama usoni, na hakukuwa na upole wowote kwenye macho yake.

"Hatukukuhurumia. Tulikuchukia. Ulimupiga Sidonie fimbo juu ya kufungua ukurasa na kidole kichafu. Mimi ulinifukuza juma nzima juu nilicheka. Nani angekuhurumia?"

"Sasa juu ya nini?"

"Juu wewe haukuuza. Mbele wewe ufike, vitabu ilikuwa inaishia kwa karanga, wakubwa walituhadisia. Tulijua kitabu moja ikipotea utafukuzwa, na mwenye atakuja nyuma yako atauza yote. Mutu mubaya mwenye haibi, tulimuchunga."

Préfet akakohoa. Akatazama nje, halafu akatazama zile funguo mikononi mwangu. Yeye naye alisoma hapa zamani, alizijua zile karanga.

"Jumatatu tutaongea," akasema, na nilijua hataziomba tena.

Mimi sikushukuru. Nilikuwa na hasira na kila mtu mle ndani, na zaidi na mtu mmoja ambaye sikuweza kumfokea.

Mama Laura akafunga karatasi zake. Hukumu yake ilikuwa fupi. Mafunzo ya Bukavu, Anastasie. Sanduku la vitabu mia tatu, Kabambare. Vile 96 Chama kitavifidia, maana wanachama wana mfuko kwa ajili ya maktaba zilizokumbwa na vita.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe unabaki mwanachama. Mama wa Ureno ameshalipa. Mama Anastasie akirudi kutoka Bukavu, mwanafunzi wake wa kwanza ni wewe."

"Mimi nifundishwe na huyu?"

"Alishakufundisha," akasema Mama Laura. "Haukuwa unasikiliza tu."

Jumatatu shule ikafunguliwa. Nilikuwa mlangoni saa moja kasoro. Habari ilikuwa imeshatembea mji mzima, maana wanafunzi walisimama mbali, hawasogei, mifuko imetuna.

"Leteni," nikasema.

Hawakuamini. Nikasema tena, kwa sauti yangu mbaya ileile, maana nyingine sina.

Wakaanza kuja. Vitabu vikatoka kwenye magunia ya unga wa muhogo, kwenye mifuko ya plastiki, ndani ya vitenge. Kimoja kilivuka Lualaba kwa mtumbwi kimefungwa mara tatu dhidi ya maji. Sikuvijua. Miaka yote nilikuwa najua namba, sikujua kwamba 114 ina picha ya kiboko, na kwamba 230 inachekesha. Vilikuwa na madoa, vilikuwa na harufu ya moshi. Walipomaliza kurudisha, vilikosekana 31, na kila kimoja kati ya hivyo katoni ilisema kiko wapi. Vyote viliishia Kabambare, kwa watu waliokimbia.

Jioni nikabaki peke yangu kuzipanga katoni kwa namba. Nilikuwa nimefika ishirini na saba. Hadithi za zamani, kwa Kiswahili.

Mistari mingi. Katikati yake, kwa mwandiko wa mwanafunzi fulani: *Mama Clémentine, bibi ya Kadena.* Mistari minane chini, tena: *Mama Clémentine, mara ya pili.* Karibu na mwisho: *Mama Clémentine, mara ya nne. Anakipenda.*

Nikavuta nyingine kwa haraka. Alikuwepo kwenye 40. Alikuwepo kwenye 88, kwenye 151, kwenye 302.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, sikuchukua pikipiki. Nilimkuta uani anamenya muhogo.

"Namba ishirini na saba," nikamwambia.

Kisu hakikusimama. "Nilirudisha."

"Minajua. Iko imeandikwa."

"Basi unatafuta nini?"

"Nani alikuwa anakuletea?"

"Hiyo sitasema."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mwaka uliniambia apana."

Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nilitaka kufoka, nikatafuta hasira nikaikosa, nayo ilikuwa haijawahi kunikosa maisha yangu yote.

"Ulikuwa unaificha wapi?"

Sasa akaacha kumenya.

"Chini ya godoro. Upande yako. Nilijua kule hautaangalia."

Miaka kumi na saba nilivilalia. Asubuhi naamka, naoga, naenda kulinda karatasi za saruji, na yeye anakitoa kitabu anasoma.

Fomu ya mwaka huu nimeijaza. Vilivyopotea, 31. Vilivyochanika, sikuweza kuhesabu. Vilivyoazimwa, tulijumlisha mistari ya katoni mimi na Anastasie kwa siku mbili, tukigombana kila saa: 6,118. Kwenye kundi wale wa Chama wakaandika "Kazi nzuri, Marcellin." Nilitaka kuwajibu vibaya. Bado masomo yao ya Alhamisi yananiudhi, ila sasa simu naiweka sikioni.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna kitu cha watu umekabidhiwa ufunguo wake, acha kujisifu kwamba hakijapotea. Fungua uangalie ndani. Mimi niliyachunga maganda miaka kumi na tisa, karanga wakala wengine, na sina wa kumlaumu.

Namba 27 iko nyumbani leo. Nimeibeba mwenyewe, mchana, mkononi, bila karatasi ya saruji. Kwenye kadi nimeandika jina langu chini ya jina lake, na Clémentine ameniambia nisiguse mpaka yeye amalize mara ya tano.